"4+4" kwenye boksi la simu: kumbukumbu pepe ilitoka wapi, na kwa nini haikuongezei kasi

Pita kwenye maduka ya simu pale Kariakoo, usome maboksi. Utakuta simu imeandikwa RAM GB 8 kwa herufi kubwa, halafu pembeni kwa herufi ndogo: 4+4. Nne za kwanza ni RAM ya kweli. Nne za pili ni kipande cha hifadhi ya simu, ileile inayotunza picha na video zako, ambacho kimepewa kazi ya kusaidia RAM.

Kwenye kompyuta hadithi ni hiyohiyo, ila inaanzia kwa fundi. Laptopu imekuwa nzito, ukifungua faili la tasnifu na kivinjari kwa pamoja inaganda. Fundi anakwambia: nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kumbukumbu pepe, weka mara mbili ya RAM yako. Fundi wa pili anasema hapana, izime kabisa, ndiyo inayokupunguzia kasi. Wewe uko katikati na hela yako mfukoni, hujui ununue RAM au ubadilishe namba tu.

Habari njema ni kwamba swali hili lina jibu, na sehemu kubwa ya jibu imejulikana tangu mwaka 1968. Kulielewa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu kila ushauri unaoupata leo una mahali ulikotoka.

Kwanza, tunazungumzia nini?

Chukua duka la Mangi pale mtaani. Kaunta yake ni ndogo, na kila kilicho juu ya kaunta anakupa papo hapo. Vingine viko stoo, na stoo iko mtaa wa pili. Ukiomba kitu kilichoko stoo, unasubiri kijana atoke mbio akakilete. Na kama kaunta imejaa, kijana lazima aondoke na kitu kingine ili kipatikane nafasi.

Kaunta ni RAM. Stoo ni diski. Kumbukumbu pepe ni utaratibu unaomfanya mteja aone duka zima kama kitu kimoja: anaomba tu, hajali kitu kiko wapi. Programu yako inadhani ina kumbukumbu kubwa na iliyonyooka, kumbe nyuma ya pazia mfumo endeshi unahamisha vipande kati ya RAM na diski. Vipande hivyo vina ukubwa sawa na vinaitwa kurasa. Kwenye kompyuta nyingi za leo ukurasa mmoja ni baiti 4,096.

Programu ikigusa ukurasa ambao haupo kwenye RAM, prosesa inasimamisha kazi ile na kuuita mfumo endeshi. Mfumo unautafuta ukurasa kwenye diski, unauleta, halafu kazi inaendelea pale ilipoishia. Programu haijui kwamba ilisimamishwa. Wewe ndiye unayejua, kwa sababu unaangalia kiduara kinazunguka.

Manchester, miaka ya 1960: ngoma na vipete

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali kupita maelezo. Ilitengenezwa kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya kama shanga, kipete kimoja kwa kila biti. Kilichokuwa cha bei nafuu zaidi ni ngoma ya sumaku: silinda inayozunguka, data imeandikwa juu ya uso wake. Ngoma ilibeba data nyingi, lakini ilibidi usubiri izunguke mpaka sehemu unayoitaka ifike kwenye kichwa cha kusomea.

Kwa hiyo aliyeandika programu kubwa kuliko kumbukumbu alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kutatua tatizo lake. Ya pili, kuigawa programu vipande na kuandika mwenyewe, kwa mkono, maagizo ya lini kipande gani kitoke kwenye ngoma na kikae juu ya kipi. Kazi hii ya pili ilikula muda kwelikweli, na ukihamia kwenye mashine yenye kumbukumbu ya ukubwa mwingine, unaianza upya.

Mjerumani Fritz-Rudolf Güntsch aliliwaza suluhisho katika tasnifu yake ya udaktari huko Berlin mwaka 1956: mashine yenyewe ihamishe vipande. Lakini waliolifanya likatembea ni kundi la Chuo Kikuu cha Manchester, chini ya Tom Kilburn, wakishirikiana na kampuni ya Ferranti. Mashine yao iliitwa Atlas, na ilizinduliwa rasmi tarehe 7 Desemba 1962.

Tazama vipimo vyake. Kumbukumbu ya vipete ilikuwa na maneno 16,384, kila neno biti 48. Kwa hesabu ya leo hiyo ni chini kidogo ya baiti laki moja; picha moja ya WhatsApp inaweza kuzidi hapo. Ngoma zilibeba maneno 98,304, yaani mara sita zaidi. Kumbukumbu iligawanywa kurasa 32 za maneno 512, na kila ukurasa ulikuwa na rejista yake iliyosema "hapa sasa hivi pana ukurasa namba fulani wa programu". Programu ikitaja anwani, rejista zote 32 zinaulizwa kwa mpigo mmoja. Ikikosekana inayojibu, ukurasa unaletwa kutoka kwenye ngoma.

Kilburn na wenzake waliuita mpango huu hifadhi ya ngazi moja. Jina hilo linaeleza lengo lao. Walitaka mwandishi wa programu asisumbuke tena na ngazi mbili. Kasi haikuwa ndiyo ahadi, kwani ngoma ilibaki ngoma, na kuisubiri kulichukua muda wa maelfu ya hatua za vipete. Ahadi ilikuwa nafasi, na kumpunguzia binadamu kazi. Naomba ulishike hili, kwa sababu miaka 60 baadaye boksi la simu linakuuzia kitu kilekile kana kwamba ni kasi.

Nani atoke kwenye kaunta?

Kaunta ikijaa, lazima kitu kimoja kitoke. Kipi? Swali dogo, ila lilizaa utafiti wa miaka.

Mwaka 1966, László Bélády wa IBM alichapisha uchambuzi wa njia mbalimbali za kuchagua. Alionyesha pia njia bora kuliko zote: toa ukurasa ambao hautahitajika kwa muda mrefu zaidi kuanzia sasa. Tatizo ni moja tu, inabidi uijue kesho. Njia hiyo basi haitumiki kwenye mashine halisi, lakini imebaki kipimo: ukibuni njia yako, unauliza imekaribia kiasi gani ile ya mwenye kuijua kesho.

Halafu mwaka 1969 Bélády na wenzake wakaonyesha jambo la ajabu. Hebu chukua karatasi na kalamu, tulifanye wote. Programu inaomba kurasa kwa mfuatano huu: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Sheria ni ya foleni: aliyetangulia kuingia ndiye anatangulia kutoka. Ukiwa na nafasi tatu kwenye RAM, utaenda stoo mara 9. Sasa ongeza RAM, ziwe nafasi nne. Hesabu tena.

Unapata mara 10.

Umeongeza kumbukumbu na safari za stoo zimeongezeka! Hili halitokei kila siku, na njia zenye kuangalia ukurasa upi haujaguswa kwa muda mrefu hazina kasoro hii. Lakini somo lake ni zito: kwenye mambo ya kumbukumbu, akili yako ya "kikubwa ndicho bora" inaweza kukudanganya. Kinachoamua ni namna programu inavyozigusa kurasa zake.

1968: mashine zinatapatapa

Kufikia katikati ya miaka ya 1960, kompyuta kubwa zilianza kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Mantiki ilikuwa nzuri: programu moja ikisubiri ngoma au diski, prosesa ihudumie nyingine. Ongeza programu, prosesa inapata kazi zaidi.

Inafanya hivyo mpaka mahali fulani. Kisha, ghafla, ukiongeza programu moja tu, mashine nzima inaporomoka. Prosesa inakaa bure, diski inafanya kazi mfululizo, na hakuna kazi ya mtu yeyote inayoisha. Kila programu ikipata ukurasa wake, imemnyang'anya jirani ukurasa anaouhitaji sasa hivi. Jirani naye anaurudisha kwa kumnyang'anya mwingine. Ni kama mtu asiyejua kuogelea: mikono inapiga maji kwa nguvu zote na hasogei. Tuiite hali hiyo kutapatapa.

Kibaya zaidi, mifumo ya wakati ule ilijidhuru yenyewe. Ikiona prosesa inakaa bure, ilidhani kazi ni chache, ikaruhusu programu nyingine iingie.

Aliyeeleza chanzo chake ni Peter Denning, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari MIT. (Ndiyo, mwanafunzi kama sisi, akihangaika na tasnifu.) Mwaka 1968 alichapisha makala mbili, moja ikiwa na wazo kuu na nyingine ikihusu kutapatapa kwenyewe. Wazo lake: programu haigusi kurasa zake zote ovyo ovyo. Kwa kipindi fulani inazungukia kundi dogo la kurasa zinazokaa kama majirani, kisha inahamia kundi lingine. Mfikirie mpishi. Akiwa anakaanga vitunguu anahitaji kisu, mafuta na mwiko. Unga wa ugali unaweza kubaki kabatini.

Kundi hilo la kurasa zinazotumika sasa ndilo lenye maana. Tuliite kundi la kazi. Kanuni ya Denning kwa lugha ya mtaani ni hii: kama makundi ya kazi ya programu zote zinazoendelea yanatosha kwenye RAM, kila kitu kitakwenda vizuri, hata kama kwa jumla programu hizo ni kubwa kuliko RAM mara tatu. Yakizidi RAM, hata kwa kidogo, utatapatapa. Na mfumo wenye busara humzuia mgeni mlangoni mpaka nafasi yake ipatikane.

Angalia kisichotajwa kwenye kanuni hiyo: ukubwa wa stoo. Ukishapata stoo ya kutosha kuweka vitu vyako vyote, kuiongeza mara kumi hakumpi Mangi kaunta pana zaidi.

Mjadala wa zama hizo ulikuwa kama mashine inaweza kuliwezea jambo hili vizuri kama binadamu anayepanga kwa mkono. Mwaka 1969 David Sayre wa IBM alichapisha matokeo ya majaribio yake ya kulinganisha, na mashine ilitoka vizuri. Tarehe 2 Agosti 1972 IBM ilitangaza kumbukumbu pepe kwa familia yake ya System/370. Baada ya hapo haikuwa tena jambo la maabara.

Namba zinafika mikononi mwetu

Kwenye mashine kubwa kulikuwa na wataalamu wa kurekebisha mambo haya. Mwaka 1985 Intel ilitoa prosesa ya 80386, iliyoweza kugawa kumbukumbu kwa kurasa za baiti 4,096. Hapo teknolojia ya chumba kizima ikaingia kwenye kompyuta ya mezani. Windows 3.0 ya mwaka 1990 iliitumia, na Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilimpa mtumiaji dirisha la kuchagua mwenyewe faili la kurasa liwe la kudumu au la muda, na liwe kubwa kiasi gani. Mhasibu na mwalimu wa sekondari wakakabidhiwa namba ambayo mwaka 1968 ilikuwa mada ya udaktari.

Linux nayo ina kisa chake, ninachokipenda. Desemba 1991, mtumiaji mmoja wa Ujerumani alikuwa na kompyuta yenye RAM ya MB 2 tu, na kiini cha Linux kilikataa kujengwa kwenye mashine ile kwa sababu kumbukumbu haikutosha. Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 huko Helsinki, akatumia siku za kuelekea Krismasi kuandika sehemu ya kupeleka kurasa kwenye diski. Ikatoka kwenye toleo la 0.12, Januari 1992. Yule mtumiaji hakuhitaji mashine yake iende mbio. Alihitaji kazi iishe badala ya kukataa. Ni ahadi ileile ya Atlas.

"Mara mbili ya RAM" ilitoka wapi?

Ushauri huu si uzushi. Ulikuwa na sababu, ila sababu zenyewe zimezeeka.

Mifumo ya awali ya Unix kutoka Berkeley, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, ilitenga mapema nafasi kwenye diski kwa ajili ya data ya programu, hata kama data ile ingekaa RAM siku zote. Kwa hiyo swapu, yaani lile eneo la diski, ililazimika kuzidi RAM. Linux ya mfululizo wa 2.4, mwaka 2001, nayo ilihitaji swapu kubwa, kwa sababu ukurasa uliorudi RAM uliendelea kushikilia nafasi yake kule diski. Windows XP ilipendekeza kuanzia mara 1.5 ya RAM hadi mara 3. Zaidi ya hapo, Windows ikianguka hutumia faili la kurasa kuhifadhi nakala ya kumbukumbu ili kosa lichunguzwe, na Linux ikilazwa usingizi mzito huhamishia RAM yote kwenye swapu.

Unaona? Sababu zote zinahusu nafasi. Hakuna hata moja inayohusu kasi. Na kanuni ya "mara mbili" iliyokuwa sawa kwa RAM ya MB 64 inachekesha kwenye RAM ya GB 32.

Namba nyingine inayozungumzwa sana ni ile ya Linux inayoitwa swappiness, ambayo kawaida yake ni 60. Wengi wanadhani ni asilimia, kwamba RAM ikifika hapo ndipo swapu inaanza. Sivyo. Inapima mizani tu: nafasi ikihitajika, mfumo uelemee kutoa data ya programu au nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni.

Leo: stoo imesogea karibu

Tufanye kugusa RAM kunachukua sekunde moja. Kwa kipimo hicho, kwenda kwenye diski ya kuzunguka kunachukua zaidi ya siku nzima. Diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, ni kama robo saa. Ndiyo maana laptopu ya zamani ikiwekewa SSD inahisi kama imezaliwa upya: bado inakwenda stoo, ila stoo imehamia nyumba ya jirani. Robo saa, hata hivyo, si sekunde.

Kuna ujanja mwingine uliosambaa kuanzia mwaka 2013, kwenye Android, kompyuta za Apple na baadaye Windows 10: badala ya kuupeleka ukurasa diski, mfumo unaubana na kuuacha humohumo kwenye RAM. Prosesa inatoa jasho kidogo, safari ya stoo inaepukika.

Turudi kwenye 4+4. Hizo nne za pili si uongo, maana zinaweza kufanya programu uliyoiacha nusu saa iliyopita ikukute pale ulipoishia badala ya kuanza upya. Lakini kundi la kazi la mchezo au la kamera haliwezi kuishi stoo. Simu ya 4+4 si ndugu pacha wa simu ya 8. Kama tofauti ya bei ni ya 4 dhidi ya 8, hakikisha unalipia 8 ya kweli.

Basi ufanye nini?

Usiguse namba kabla hujapima. Kwenye Linux andika `vmstat 1` na uangalie safu za si na so wakati mashine imekuwa nzito. Kwenye Windows, fungua Resource Monitor, upande wa kumbukumbu, uangalie idadi ya kurasa zinazotafutwa diski kila sekunde. Usihofu ukiona swapu ina vitu ndani yake. Kurasa zisizoguswa kukaa stoo ni jambo jema. Kinachoua ni mwendo: namba kubwa zinazoingia na kutoka bila kukoma.

Kama mwendo ni mdogo, tatizo lako liko kwingine, na kuongeza kumbukumbu pepe hakutasaidia kitu. Kama mwendo ni mkubwa, unatapatapa, na dawa ni ileile ya 1968: punguza makundi ya kazi (funga zile tabo 40) au panua kaunta (nunua RAM). SSD itapunguza maumivu, haitaondoa chanzo.

Na usizime kumbukumbu pepe kabisa, hasa kama RAM yako ni ndogo. Bila stoo, kaunta ikijaa kinachofuata ni kutupa vitu nje. Linux itachagua programu na kuiua, na inaweza kuwa ile yenye sura ya nne ya tasnifu yako ambayo hujaihifadhi. Windows nayo itaanza kuzikatalia programu kumbukumbu. Waachie mfumo wajipangie ukubwa wenyewe, isipokuwa una sababu unayoweza kuitaja.

Mara nyingine fundi akikwambia uweke mara mbili, muulize swali moja tu: kundi langu la kazi ni kubwa kiasi gani? Akikuonyesha namba, msikilize. Akiguna, hela yako ya RAM iendelee kukaa mfukoni mpaka umepima mwenyewe.